Diwani Aliyebakiwa na Ahadi

Mgombea udiwani husimama chini ya mwembe au juu ya pikapu, akaahidi kuchonga barabara ya kwenda mnadani na kufikisha maji ya bomba kwenye zahanati. Watu hupiga makofi, na wana haki, kwa kuwa hayo ndiyo wanayoyahitaji. Ila diwani wa Tanzania Bara akishakula kiapo, hana mamlaka juu ya barabara wala maji. Barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya wakala wa serikali kuu, TARURA, tangu 2017. Maji ya vijijini yalihamishiwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Hata kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za miji, ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016, na tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU.

Hatua hizo zilikuwa na sababu. Halmashauri nyingi zilishindwa kukusanya kodi ya majengo ipasavyo, visima vilichimbwa vikafa baada ya muda mfupi, na mhandisi mmoja wa wilaya asiye na mtambo wala fedha hakuweza kufanya miujiza. Lakini muuzaji akivuruga hesabu, mwenye duka humfundisha au humfukuza. Hahamishi duka lenyewe kwenda mji mwingine.

Tena hatukuanza jana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, jina tamu kweli, maana kilichoshuka mikoani ni maofisa wa serikali kuu, si madaraka ya mwananchi. Mijini mitaro ikaziba na taka zikarundikana, hadi mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha mfumo mzima, nao ukaanza kazi 1984. Ibara za 145 na 146 za Katiba zinataja serikali za mitaa kama njia ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikaja sera ya ugatuaji, iliyokusudia halmashauri ziajiri watumishi wake, zipange mipango yake na ziwe na fedha za kuitekeleza.

Kwa maoni yangu, sera hiyo ilikwama kwenye kiti kimoja: cha mkurugenzi. Yeye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza la madiwani. Ndiye huandaa makabrasha, hupendekeza bajeti na hutekeleza maazimio. Ungetarajia ajibu kwa baraza. Lakini jina lake hutangazwa kutoka Ikulu, na uhamisho wake pia huamuliwa juu. Baraza likigeuka kuwa kamati linaweza kumwadhibu mtendaji wa kijiji, hata kumfukuza kazi. Kwa mkurugenzi, madiwani huweza tu kupitisha azimio la kumkataa, kisha wakasubiri wakubwa waamue. Wakati huo wanaendelea kukaa naye meza moja, na ndiye anayeidhinisha malipo ya posho zao.

Mtu yeyote angejifunza upole hapo.

Fedha nazo zina mkondo wake. Halmashauri hupewa ukomo wa bajeti kutoka juu, na hata sheria ndogo ya ushuru wa soko haina nguvu hadi waziri airidhie. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo ni fedha za halmashauri yenyewe. Hata hivyo Aprili 2023 serikali kuu ilisitisha mikopo hiyo nchi nzima, ikakaa zaidi ya mwaka kabla ya kurudishwa. Marejesho yalikuwa mabaya, sikatai. Lakini hata paliporejeshwa vizuri napo palifungwa.

Wapo wanaosema madiwani wetu hawajasoma, sheria inawataka wajue kusoma na kuandika tu, hivyo wakipewa rungu watalitumia vibaya. Wengine watalitumia vibaya, kweli. Majirani zetu Kenya, tangu kaunti 47 zianze mwaka 2013, wameona wawakilishi wa wadi wakigombana na magavana kwa mambo ya nchi na ya matumbo pia. Bunge la Kaunti ya Embu lilimng'oa gavana mwaka 2014, mahakama ikamrudisha, wakamng'oa tena. Ni vurugu, lakini gavana wa Kenya anajua kwamba wale wa wadi wanaweza kumgusa. Mkurugenzi wetu hana hofu hiyo.

Sipendekezi tunakili Kenya. Hatua ndogo zingetosha kuanzia. Nafasi ya mkurugenzi itangazwe, tume ya ajira ichuje majina matatu, baraza liwahoji na kuchagua mmoja kwa mkataba wa miaka mitano, na theluthi mbili ya madiwani waweze kuuvunja kwa sababu zilizoandikwa. Pili, meneja wa TARURA wa wilaya, ambaye leo huja barazani kutoa taarifa, aje na orodha ya barabara za mwaka ili ipigiwe kura. Wahandisi wabaki kwake, ila uamuzi wa barabara ipi itangulie uwe wa wale tuliowapigia kura. Kodi ya majengo ikusanywe na yeyote, hata kwa LUKU, mradi irudi yote kwenye halmashauri ilikotoka.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi kisheria, na ile ya kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nenda ukae kiti cha nyuma na daftari. Kila diwani wako anapouliza kuhusu barabara, andika nani aliyesimama kumjibu, na nani aliyemwajiri.