SI KILA 'BANK' YENYE FEDHA

Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alirejea nyumbani jioni akiwa amekunja uso. Darasani alikuwa amepewa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba mvuvi aliketi juu ya 'bank' akishona wavu wake. Yeye akaifasiri kwamba mvuvi alipanda juu ya jengo la benki. Wenzake wakaangua kicheko, naye akaapa kutonyosha mkono tena. Baba alipoombwa msaada akabaki kimya, kwani hata yeye aliijua benki ya fedha tu.

Ndugu msomaji, kijana huyo hakuwa mjinga. Alinaswa na neno ambalo lina sura moja lakini limefika katika Kiingereza kwa njia zaidi ya moja.

'Bank' ya mvuvi yule ni ukingo wa mto. Maana hii ndiyo iliyotangulia. Waingereza waliipata kutoka kwa watu wa Skandinavia, waliovuka bahari wakavamia Uingereza na hatimaye wakafanya makazi huko. Kwa kuwa ukingo wa mto huwa na mteremko, ndege inapogeuka angani na kuinamisha bawa moja, Mwingereza hutumia neno hilo hilo.

'Bank' ya fedha ilifuata njia nyingine. Katika miji ya Italia ya zama za kati, wabadilishaji fedha walifanya kazi yao sokoni, sarafu zikiwa zimepangwa juu ya benchi. Benchi hilo waliliita 'banca' au 'banco'. Jina la benchi likawa jina la biashara yenyewe, likapita Ufaransa hadi Uingereza. Hata neno la Kiingereza la kufilisika, 'bankrupt', lina asili ya maneno ya Kiitalia yenye maana ya benchi lililovunjika. Na karamu kubwa waiitayo 'banquet' imetokana na neno la benchi dogo.

La ajabu ni kwamba wataalamu wa lugha huona ukingo na benchi kuwa ni ndugu wa mbali, waliozaliwa na neno moja la kale la lugha za jamii ya Kijerumani. Sisi nasi tumewapokea wajukuu wawili wa ukoo huo: benki na benchi. Mtu aketiye kwenye benchi akingoja zamu yake benki, yamkini hajui kwamba amezungukwa na jamaa wa ukoo mmoja!

Wala neno halikukoma hapo. Mwaka 1937, Daktari Bernard Fantus wa Hospitali ya Cook County mjini Chicago, Marekani, alianzisha mahali pa kuhifadhi damu ya wagonjwa, akapaita benki ya damu. Aidha, Mwingereza akisema 'bank on me', haombi mkopo, bali anasema, "Nitegemee."

Tusiwacheke Waingereza. Kwetu pia kuna kaa wa pwani, kaa la moto, na kaa kitako. Mtoto wetu hatatizwi na maneno hayo, kwa sababu husikiliza maneno jirani yake. Akisikia "kaa amemuuma kidole," hatafuti moto. Basi na katika Kiingereza afanye vivyo hivyo: palipo na mvuvi na wavu, atafute mto kabla ya fedha. Kisha afungue kamusi, asiishie kwenye maana ya kwanza. Aghalabu maneno yenye sura moja na asili mbalimbali hutengwa kwa namba.

Jioni ile baba aliazima kamusi kwa jirani, wakaisoma pamoja kwenye mwanga wa taa. Baba hakuona haya kusema, "Hata mimi sikujua, mwanangu." Kauli hiyo ilimponya kijana kuliko kamusi yenyewe. Kesho yake alinyosha mkono.

Wazazi, kutojua si aibu. Aibu ni kumwacha mtoto aogope kuuliza. Wahenga walisema: kuuliza si ujinga.