Kazi Yenye Staha: Aulizwe Kibarua

Tangu mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani (ILO) limeifanya kazi yenye staha kuwa lengo lake kuu. Mfumo wake wa kuipima una vipengele kumi, vikiwemo ujira, saa za kazi, usalama na hifadhi ya jamii. Mwaka 2010 ilitolewa taarifa ya vipimo hivyo kwa Tanzania Bara.

Lakini vipimo hivyo vinamfikiaje kibarua wa Mbulu, kwenye vitunguu swaumu, au wa Hanang, yalipo mashamba ya ngano ya Basotu? Apaliliaye konde la jirani hana mkataba wa maandishi wala kadi ya mfuko wa hifadhi. Kwa hesabu za ofisini, kazi yake haina staha.

Akiulizwa mwenyewe, huenda akataja mizani nyingine. Je, malipo ya ngwe yalitajwa kabla hajashika jembe? Je, ngwe ilipimwa kwa haki, au hatua zilirefushwa? Je, alilipwa jioni, au aliambiwa angoje mavuno yauzwe, ilhali nyumbani watoto wanangoja unga? Je, alisemeshwa kwa heshima?

Ndugu Waislamu, maswali haya si mageni kwetu. Suratul Qasas yasimulia jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoajiriwa Madyan: muda ulitajwa mapema, miaka minane, na kutimiza kumi kukaachwa kwa hiari yake, naye mwajiri akaahidi kutomtaabisha. Suratul Mutaffifin nayo yawaonya vikali wapunjao vipimo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amtumikishaye kibarua, kazi ikakamilika, kisha akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Hata hivyo, mkaguzi wa kazi hawezi kusimama katika kila konde. Mpimaji wa kwanza ni yule mwenye shamba.

Basi kila familia ijihesabu leo: nani ametulimia, ametuchungia mifugo, ametufulia nguo? Tumwulize alivyoiona kazi yetu, tusikilize bila kukasirika. Na kama anatudai, tumlipe kabla jua halijatua.

Wallahu aalam.