Kumkumbuka Dan Bullock, Askari wa Miaka 15

Miongoni mwa Wamarekani zaidi ya 58,000 waliopatwa na mauti katika vita vya Vietnam alikuwamo kijana mmoja wa kikosi cha Marine, jina lake Dan Bullock, ambaye daftari za jeshi zilimhesabu kuwa mtu wa miaka 19, ilhali umri wake wa hakika, tangu siku aliyozaliwa hata usiku aliouawa, ulikuwa miaka 15, miezi 5 na siku 17. Hapana askari mwingine wa taifa lake ajulikanaye kufa katika vita vile akiwa mdogo kuliko yeye. Wengi waliomtaja baadaye walimtaja kwa ushujaa wake, na ushujaa huo haukanushiki. Lakini nadhani haki ya kwanza ya marehemu huyu juu yetu, kabla ya nishani na kabla ya sifa, ni kurudishiwa miaka yake ya kweli, maana katika tofauti ile ya miaka minne baina ya daftari na ukweli ndimo kilimo kisa chake chote.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1953 katika mji wa Goldsboro, jimbo la North Carolina, katika zama ambazo sheria za majimbo ya kusini ya Marekani zilimtenga mtoto mweusi na mtoto mweupe darasani, katika mabasi na hata mezani pa kula. Alikuwa bado wa kubebwa, hajatimiza nusu mwaka, Mahakama Kuu ya nchi yake ilipotoa hukumu mwezi wa Mei 1954 kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Na hukumu ile, kama zilivyo hukumu nyingi njema, iliwatangulia mbali sana watu waliopaswa kuitekeleza. Hata jeshi alilokuja kulitamani halikuwa limewafungulia watu weusi mlango zamani sana, kwa kuwa ni mwaka 1942 ndipo kikosi cha Marine kilipowaruhusu kuingia, tena kwa kuwafundisha peke yao katika kambi ya Montford Point, iliyokuwa katika jimbo hilo hilo la North Carolina.

Dan alipokuwa na miaka ipatayo 12 mama yake alifariki dunia, na mtoto akahamia Brooklyn, katika jiji la New York, kukaa kwa baba yake. Husimuliwa kwamba alitamani kuwa rubani, au polisi, au askari wa Marine, na katika matamanio hayo matatu hapana hata moja lisilokuwa la kawaida kwa mvulana wa rika lake, awe wa Brooklyn, awe wa Mombasa. Kila mtoto hujivika mavazi ya watu wazima katika fikira zake, naye huyavua jioni aitwapo kula. Lililomfanya huyu awe mbali na wenziwe ni kwamba alipoyavaa mavazi yale hakutokea mtu wa kumwambia ayavue.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi wa Januari majeshi ya Vietnam Kaskazini pamoja na wapiganaji wa kusini waliokuwa upande wao yaliishambulia miji mingi kwa mkupuo mmoja. Mwezi wa Aprili Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Na kufikia Aprili ya mwaka uliofuata askari wa Marekani waliokuwa katika ardhi ya Vietnam walizidi 540,000. Vita vilivyohitaji watu kwa kiasi hicho havikuwa na faragha ya kuuliza maswali mengi. Sheria ilimruhusu kijana wa miaka 17 kuandikishwa kwa idhini ya wazazi wake, na wa miaka 18 kwa hiari yake mwenyewe, naye Dan alikuwa na 14. Alikitwaa cheti chake cha kuzaliwa, akaugeuza mwaka wa 1953 ukasomeka 1949, na tarehe 18 Septemba 1968 akaandikishwa.

Alipelekwa Parris Island, kambi ya makuruta iliyo katika pwani ya South Carolina, akatiwa katika platuni ya 3039. Kimo chake kilikuwa kimewahi utu uzima, lakini nguvu zake zilikuwa bado ni za utoto, na katika mafunzo yale, ambayo huwashinda hata waliokomaa, alikuwa akisalia nyuma. Mmoja wa makuruta wenziwe akamshika mkono, akawa akimhimiza na kumsukuma mbele siku baada ya siku, hata akafaulu. Baada ya miaka mingi, mwenziwe huyo alipokwisha kujua ni mtoto wa umri gani aliyekuwa akimsaidia, aliubeba msaada ule kama kosa, akifikiri kwamba lau angalimwacha ashindwe, huenda angalirudishwa kwao akawa hai. Vita vina ajabu hiyo, kwamba humfanya mtu aujutie wema wake. Walihitimu tarehe 10 Desemba 1968, siku 11 kabla ya Dan kutimiza miaka 15.

Hakuwa wa kwanza kufanya hila ile. Katika vita vikuu vya pili vya dunia, kijana mwingine wa North Carolina, Jacklyn Lucas, aliyekuwa mweupe, alijiandikisha katika kikosi cha Marine mwaka 1942 akiwa na miaka 14, akidai kuwa na 17. Tarehe 20 Februari 1945, katika kisiwa cha Iwo Jima, siku sita baada ya kutimiza miaka 17, aliyalalia mabomu mawili ya mkono ili kuwaokoa wenziwe. Moja likalipuka chini yake, la pili halikulipuka, naye akaishi. Rais Truman alimvika kwa mkono wake nishani ya juu kabisa ya taifa, na Lucas akafariki mwaka 2008 akiwa mzee wa miaka 80. Kisa kile kilisimuliwa kwa furaha, na haikuwa vibaya kufurahi. Lakini kilifuatana na fundisho la hatari, kwamba uongo wa mtoto anayekimbilia vitani ni mbegu ya ushujaa, na kwamba waliodanganyika kwa uongo huo hawana la kuulizwa. Umri wa Dan siku ya kuandikishwa ulikuwa sawa na wa Lucas, na hila yao ni moja. Kilichowatenga ni bahati tu, nayo bahati haiwezi kuwa sera ya jeshi.

Dan alifika Vietnam tarehe 18 Mei 1969, akapangwa kuwa mpiga bunduki katika kombania ya Fox, bataliani ya pili, rejimenti ya tano ya Marine, iliyokuwa na kambi yake An Hoa, kusini magharibi mwa Da Nang, katika jimbo la Quang Nam. Nchi ile ilikuwa ya mashamba ya mpunga na vijiji vilivyozungukwa na milima, nayo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizomwagika damu nyingi kuliko zote, ya wenyeji na ya wageni. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni, kabla hata juma la tatu la kukaa kwake halijatimia, adui aliishambulia kambi wakati yeye akiwa katika ulinzi wa ukingoni pamoja na wenziwe. Risasi zilipoanza kuwapungukia, alitoka katika handaki kwenda kuleta nyingine, akiuacha wazi mwili wake mbele ya moto wa bunduki, na katika kazi hiyo akapigwa, akafa papo hapo.

Siku ya pili yake, tarehe 8 Juni, Rais Nixon alikutana na Rais Thieu wa Vietnam Kusini katika kisiwa cha Midway, akatangaza kwamba askari 25,000 wa Marekani wataanza kurejeshwa makwao. Baadaye katika mwezi uo huo gazeti la Life lilichapa majina ya Wamarekani 242 waliokufa katika juma moja la vita, kuanzia tarehe 28 Mei hata tarehe 3 Juni, pamoja na nyuso za wengi wao, na nchi nzima ikatikisika kwa kuzitazama. Dan alikuwa amekufa siku nne baada ya juma lile kufungwa, hivyo uso wake haukuwamo. Lakini yeyote aliyezifunua kurasa zile na kuona ujana wa wale waliochapwa angeweza kujiuliza ni wangapi wao ambao nyuso zao zilikuwa zikipinga hesabu ya daftari.

Baada ya kifo ndipo siri ilipofichuka, watu wake wakasema umri wake, na magazeti yakauandika. Alizikwa Goldsboro, katika makaburi ya Elmwood, na kwa miaka 31 kaburi lake likakaa bila ya jiwe rasmi la askari, hata mwaka 2000, ambapo mtangazaji wa televisheni Sally Jessy Raphael aligharimia jiwe. Mwaka 2003 sehemu ya njia ya Lee Avenue huko Brooklyn, alikokaa, ikapewa jina lake, na mwaka 2019 jimbo la North Carolina likaweka bango la tarikhi katika mji wake wa kuzaliwa. Jijini Washington jina lake limo katika ukuta wa kumbukumbu ya vita vile, wa itale nyeusi, uliozinduliwa mwaka 1982, uliobuniwa na Maya Lin alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21. Ukuta ule huwapanga wafu kwa siku walizopatikana na maafa, hauandiki cheo wala umri, na kwa insafu hiyo jenerali na kuruta husimama daraja moja. Insafu hiyo ni njema. Ila mpita njia hawezi kujua, kwa kulitazama jina la Dan Bullock peke yake, kwamba anasoma jina la mtoto.

Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe apewe, na katika mambo mengi ya malezi wamesema kweli, maana jeraha dogo hufundisha kuliko maonyo mengi. Lakini hekima ile ilikusudia kidonda ambacho mtoto atapona nacho, akakumbuka. Anayempa mtoto bunduki hawezi kujitetea kwa methali hii, kwa sababu mwanafunzi wa somo hilo huenda asiwepo siku ya kulielewa. Ni kweli kwamba Dan alidanganya. Lakini mtoto wa miaka 14 kudanganya ni jambo lililotazamiwa tangu kale, na ndiyo sababu watu wazima waliwekewa vyeti, ofisi, madaktari na maofisa, ili uongo wa namna hiyo ukifika mlangoni usipite.

Fikira hiyo imekwisha kupata nguvu ya sheria. Mkataba wa Roma uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unahesabu kuwa jinai ya vita kumwandikisha jeshini mtoto aliye chini ya miaka 15, na mwezi wa Machi 2012 mahakama hiyo ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, mashariki ya Kongo, kwa kuwaingiza watoto wa umri huo vitani. Majaji walisema waziwazi kwamba ridhaa ya mtoto si hoja ya kumtetea aliyemwandikisha. Simfananishi ofisa wa New York aliyehadaiwa kwa cheti kilichoghushiwa na kamanda aliyewajaza watoto katika jeshi lake huku akiwaona. Dhamiri zao hazilingani. Ila kanuni iliyothibitishwa katika kesi ile inawafaa watoto wote wawili, wa Ituri na wa Brooklyn, kwamba hamu ya mtoto haimwondolei mtu mzima wajibu wake.

Tena tusijipumbaze kwamba msiba wake ungalikoma kuwa msiba lau daftari lingalisema kweli. Vijana wa miaka 18 waliokufa pamoja naye waliingia vitani kwa njia halali, na nchi iliyowapeleka haikuwaruhusu kupiga kura kabla ya kutimiza miaka 21 katika majimbo mengi, hata katiba ilipobadilishwa mwaka 1971. Na ng'ambo ya pili ya handaki walikuwako wana wa watu wengine, kwa kuwa mwaka 1995 serikali ya Vietnam ilitangaza kuwa wapiganaji wa upande wake waliokufa walifika milioni 1.1, na raia wa nchi nzima milioni 2.

Basi atakaye kumheshimu Dan Bullock amtaje kwa umri wake wa kweli, asiuzungushe wala asiupambe, kisha aongeze swali ambalo jiwe la kaburi haliwezi kuuliza: ni nani aliyekipokea kile cheti, na alikuwa na haraka gani? Swali hilo linawahusu waandikishaji wa kila jeshi, la serikali na la waasi, na majibu yake yanatakiwa kabla mvulana hajapewa sare, wakati ambapo bado inafaa kumwambia arudi nyumbani.