Bunduki Kisiwani Funzi: Niiweke au Niitoe?

Cheti cha bunduki yangu ndogo, ya .22, huhuishwa kila mwaka, na safari hii najiuliza: niiweke ya nini? Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza uzi. Ndege wa kuchezea je? Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Ulengaji wenyewe aliusifu, basi vimenibakia vifuu vya nazi. Lakini risasi hiyo, ndogo kuliko kokwa ya tende, hupita kilomita moja, na nyuma ya mikoko yetu wamo wavuvi na wanawake waokotao chaza. Nilenge upande gani? Jumatatu navuka Bodo kuikabidhi polisi Msambweni, ingawa kidole kitaniwasha.