Breki za barabara ya Malindi: pesa iendako na gari linakosimama

Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa–Malindi pale Vipingo kuelekea ufuo wa Kuruwitu, lami inakwisha na unaingia kwenye vumbi jeupe la matumbawe, mashimo na mchanga. Magari yanayopita humo ni ya kila siku: Probox iliyojaa kreti za soda, Vitz ya mwalimu, Noah iliyoleta wageni kuona eneo la bahari ambalo wavuvi wa hapa walilitenga mwaka 2005, kiasi cha hekta 30, ili samaki wapate kuzaana. Mengi yametembea Japani kwanza, yakashushwa bandarini Mombasa kabla ya kutimiza miaka 8, kama kanuni ya Kenya inavyotaka. Na mengi, hasa haya madogo, yana breki za aina moja: mbele disiki, nyuma drami.

Miaka ya karibuni kumekuwa na soko la kuziboresha breki hizo. Kijana anataka kalipa kubwa, yaani vibanio vya disiki, zilizopakwa rangi nyekundu, zionekane kupitia rimu. Mwingine anataka drami za nyuma zing'olewe awekewe disiki. Wenye Subaru ndio wateja wakubwa, maana kalipa za pistoni 4 za Impreza za mbio huweza kufungwa kwenye baadhi ya ndugu zake, na huingia nchini zikiwa bado kwenye magari yaliyokatwa nusu. Duka linapata, fundi anapata, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Swali la biashara ni moja: amenunua nini?

Breki kazi yake ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, joto la kumeza linakuwa mara nne. Disiki kubwa inasaidia hapo, kwa sababu ina chuma kingi cha kubeba joto na hupoa upesi. Ni kifaa cha mtu anayeshuka milima mirefu au anayeshindana mbio. Barabara yetu ya pwani ni tambarare. Kutoka Mtwapa hadi Malindi hakuna mteremko wa kuzichosha breki zilizo nzima. Anayeshuka Mazeras na mzigo kila siku ana hoja nyingine, na huyo simkatazi.

Tena, gari husimamishwa na tairi. Kama ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yanajifunga, au ABS inaanza kutetemesha pedali, basi breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi. Kalipa kubwa haitakupunguzia hata mita moja katika kusimama huko kwa mara ya kwanza. Kwa kilomita 80 kwa saa, dereva anayechelewa sekunde moja tu kukanyaga ameshakwenda mita 22, na gari zima kwenye lami kavu linahitaji kama mita 36 nyingine. Tairi kipara huziongeza hizo za pili. Na kalipa kubwa mara nyingi haiingii ndani ya rimu ya inchi 14, kwa hiyo bei ya breki inavuta nyuma yake bei ya rimu nne na tairi nne.

Adui wa breki Kuruwitu si joto. Ni chumvi, unyevu na mchanga.

Nilimkuta fundi mmoja chini ya mwarobaini, gari liko juu ya mawe, kalipa mkononi. Aliichomoa pini inayoiwezesha kalipa kuteleza, au tuseme alijaribu kuichomoa, maana ilibidi aigonge. Ilipotoka ilikuwa na kutu ya rangi ya udongo, na kile kimpira cha kuikinga kilikuwa kimechanika. Pedi ya ndani ilikuwa imelika hadi chuma. Ya nje ilikuwa karibu mpya. "Mwenye gari ataka disiki kubwa," akaniambia, "na hii moja yafanya kazi nusu." Akaisugua pini kwa msasa mwembamba, akaipaka grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto, akatia kimpira kipya. Kazi ya saa moja. Disiki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha gari dogo, kwa hiyo saa hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko rangi nyekundu yoyote.

Kisha mafuta ya breki, jambo ambalo wateja hawaliulizii kabisa. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ni ya unyevu mwaka mzima. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kipimo hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, ikichoka ni 155. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya bomba, pedali inazama, na dereva anasema breki zimekata. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Nimeona magari ya miaka 10 yenye mafuta meusi kama kahawa tungu. Chupa mbili za DOT 4 zilizofungwa vizuri na kazi ya kutoa upepo magurudumu yote manne ni uboreshaji mkubwa kuliko ulio wengi dukani, na ni wa bei nafuu kuliko karibu wote.

Kwenye pedi ndiko pesa nyingi inakopotea. Mwaka jana nilinunua seti kwenye duka moja mjini, kisanduku kizuri, jina kubwa. Ndani ya wiki tatu zilikuwa zinalia, na vumbi jeusi limejaa rimu. Nilipozitoa, unga uliogandishwa kwenye bati ulikuwa umepasuka pembeni. Zilikuwa bandia. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi na mamlaka ya kuisimamia, na shirika la viwango, KEBS, lina alama yake kwa bidhaa zinazoingia. Hata hivyo kaunta ya duka la spea iko mbali na ofisi hizo, na mnunuzi lazima ajue kusoma mwenyewe.

Pedi nyingi zina herufi mbili ubavuni, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko zikiwa za baridi, ya pili ni mshiko zikipata moto. E ni wa chini, F wa kati, G wa juu. FF yatosha kabisa kwa gari la nyumbani. FE inakwambia kwamba zikipata moto zinalegea. Zilizopimwa kwa kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na alama ya E ndani ya duara na 90R. Hizo zimethibitishwa kwamba mshiko wake haupishani na wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Alama nazo hughushiwa, lakini kisanduku kisicho na hata moja kimeshajieleza.

Kuna desturi inayowaumiza wateja: fundi hupewa chake na duka analolipelekea mnunuzi. Simlaumu sana. Kazi yake hulipwa kidogo, spea hulipwa sana, na kwa mpango huo kuuza kifaa kipya kunamlipa kuliko kukisafisha cha zamani. Karakana za Mtwapa, Vipingo na Kilifi zingeweza kujenga biashara ya kudumu kwa kutoza bei ya haki ya huduma ya breki pekee: kusafisha pini, kupima unene wa disiki dhidi ya kipimo cha chini kilichochongwa juu yake, kurekebisha drami za nyuma, kubadilisha mafuta. Matatu na magari ya biashara hulazimika kukaguliwa kila mwaka. Wateja wapo, na chumvi haipumziki.

Barabara kati ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi inapanuliwa, na lami pana huleta mwendo mkubwa. Ndugu msomaji, kama mwezi huu una pesa ya jambo moja tu, badilisha mafuta ya breki na umwambie fundi akuoneshe pini za kalipa kabla hajarudisha gurudumu.