Kichwa Kinapomgonga Aliyeumia Uti wa Mgongo
Mkwea michikichi wa Kibirizi aliyeanguka na kuumia uti wa mgongo, kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, aghalabu huwa na shinikizo la damu la chini. Namba ya juu hucheza kati ya 90 na 110. Hivyo 140, isiyomshtua mvuvi mzima, kwake yaweza kuwa dalili ya hatari. Kichwa humgonga ghafla, uso humtoka jasho, na kiharusi kinaweza kufuata. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa, ambacho yeye hakihisi. Panadoli haikizibui. Aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja au kuziba. Kisha choo kigumu na vidonda vitafutwe. Shinikizo lisiposhuka, safari ya Hospitali ya Maweni isingoje.