Funika sufuria ya mchaichai

Utotoni tulikuwa na uchokozi mmoja: unalikunja ganda bichi la chungwa, unamlenga mwenzako machoni, unaliminya, halafu mbio. Usiku umeme ukikatika, ganda lile lile tuliliminyia mbele ya mshumaa, na moto ukarusha cheche ndogo, tsss. Kilichowasha macho ndicho kilichowaka mshumaani: limonini, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa.

Limonini ni ya ukoo wa terpenoidi, ukoo wenye kemikali makumi ya maelfu, zote zikiwa zimejengwa kwa tofali moja la atomi 5 za kaboni. Matofali mawili yanatoa limonini, na pia sitrali inayonukisha mchaichai. Manane yanatoa karotini. Mjerumani Otto Wallach alianza kuliona tofali hilo alipokuwa akichambua mafuta ya mimea, akapewa Nobel mwaka 1910. Mkemia Leopold Ruzicka akaja kulifanya kanuni, naye akapata yake mwaka 1939.

Hesabu hiyo inaonekana jikoni. Molekuli ya matofali mawili ni nyepesi, mvuke ukipanda nayo inapanda. Ndiyo maana nikimwona mtu anatokosa mchaichai sufuria ikiwa wazi hujikaza nisiseme neno; harufu yote ile iliyojaa nyumba ni chai iliyokwisha kunywewa na dari. Marehemu bibi hakusoma kemia. Aliyafunga majani fundo, akayapondaponda kwa mpini wa kisu ili mafuta yatoke, akayatia maji yakishachemka, akafunika na kuepua. Wakati wa kumimina aliuinamisha mfuniko, yale matone ya chini yake yakarudi sufuriani.

Karotini ni nzito, haipai. Shida yake ni kwamba maji haiyataki, inataka mafuta. Ndiyo inayoyapa mawese ya Kigoma wekundu wake, na imo hata kwenye mchicha, ila imefichwa na ukijani. Mwili huikata katikati, kaboni 20 huku na 20 kule, ukapata vitamini A. Mchicha wa nazi, basi, si ulafi.

Mimea yenyewe haikuvitengeneza vitu hivi kwa ajili ya vikombe vyetu. Vingi ni silaha. Mwaka 1959 huko Sudan nzige walikula majani ya miti mingine wakaiacha miarobaini, na mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer akaona. Uchungu wa mwarobaini nao ni wa ukoo huu huu.

Silaha iliyotufaa zaidi ina kaboni 15. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mtafiti Tu Youyou akawa anachemsha mmea wa artemisia bila matokeo ya kuaminika. Kitabu cha kale cha tabibu wa Kichina Ge Hong kilielekeza majani yalowekwe na kukamuliwa, hakikutaja kuchemsha. Mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dawa ikatoka salama. Ndani ya dawa hiyo, artemisinini, kuna daraja la atomi mbili za oksijeni. Likikutana na chuma ambacho kimelea hukitoa kwenye damu anayoila, linavunjika, na vipande vyake vinamharibu kimelea mwenyewe. Nobel ilikuja mwaka 2015. Sisi dawa za jamii hiyo tunazikuta ndani ya dawa mseto.

Jirani yangu ana artemisia uani na huichemsha kila akihisi homa. Nilimweleza kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, tena jani hili na lile hayalingani kiasi, na kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kutibu malaria.

"Kwa hiyo nayo niwe naifunika?" akauliza.

Funika usifunike, nikamwambia, dozi iliyomo humo hakuna anayeijua.